Kuyashtua Maji

Harusi imeisha saa tano. Wameondoka,
wametuachia sahani, maua ya plastiki
na bwawa.

Si bwawa kubwa. Ni beseni la jitu,
mita tano kwa mbili na kitu, lenye moto tumboni
na pua kumi na mbili zinazopuliza mkondo
ili mgeni aogelee bila kufika popote.
Leo wamejitosa humo watu thelathini:
mashemeji, wapambe, mtoto na keki yake mkononi,
mwenyekiti wa kamati na soksi zake.

Maji yamekuwa rangi ya togwa.
"Yananuka dawa," anasema Madamu Sekela dirishani,
"basi dawa inatosha."
Nami nilidhani hivyo, kabla fundi Kihwele
hajaja na begi lake kutoka Iringa
akaniambia: Tusajigwe, dawa nzima hainuki hivi.
Inayonuka ni ile iliyochoka,
iliyoshikana mieleka na jasho, na mafuta, na mkojo,
ikashindwa kuachia.
Harufu hiyo ni kilio. Usiiite usafi.
Yashtue.

Basi navaa glavu. Banda halina kuta,
na mvua ya Tukuyu haijawahi kupiga hodi.
Kwanza uchachu: nachovya karatasi,
nahesabu hadi kumi na tano kwa tochi ya simu,
nalinganisha rangi na rangi za ubavuni mwa kopo.
Yamechachuka. Nayatuliza kwa magadi,
kijiko kwa kijiko, bila pupa,
kama anayelainisha maharage ya msiba.

Kisha ndoo. Nimeandika ukutani kwa chaki:
DAWA HUYAFUATA MAJI. MAJI HAYAIFUATI DAWA.
Hezroni, aliyeshika kazi hii kabla yangu,
aliigeuza sentensi hiyo siku moja tu,
na nyusi zake hazijaota mpaka leo.

Namimina nikizunguka ukingo.
Pampu inanguruma, pua zote zimefunguliwa,
maana uchafu mwerevu haukai mbele ya macho:
umejibanza mabombani, umejifunika utelezi,
unasubiri tulale.
Kifuniko nakiacha wazi, mvuke wa dawa upate njia,
nami nasimama unakotoka upepo.

Hata hivyo hunifikia, kila mara,
ile harufu changa, kabla haijachoka.
Kyela, mwaka wa mafuriko.
Mama akihesabu matone juu ya ndoo ya manjano,
midomo ikicheza kama ya anayesali,
na mlango wa jirani umefungwa kwa kamba.
"Subirini nusu saa."
Nusu saa! Nilikuwa na miaka sita
na kiu ya mtu mzima. Niliichukia ile ndoo.
Nilikaa juu ya mikono yangu, nikasubiri.
Ambwene, mdogo wangu, hakusubiri.
Alikijua kidimbwi nyuma ya migomba,
cheupe, kitulivu, unaona mpaka chini.

Hilo sikumwambia Kihwele.

Saa kumi na mbili. Rungwe bado amejifunika blanketi.
Chujio nimeliosha mara mbili, limetapika uji wa kijivu.
Sasa naona vigae, naona kibanio cha nywele,
labda cha bibi harusi, kikimeta sakafuni.
Ugonile? nayauliza maji.
Hayajalala, kama mimi.

Mgeni wa chumba namba nne amefika, taulo shingoni.
"Mbona yanang'aa! Yako tayari."
Nachovya karatasi. Inageuka zambarau nzito,
ile ya mwisho kabisa kwenye kopo.
Bado.
"Dada, nimelipia."
Bado, baba.
"Yana nini? Si unaona mpaka chini?"

Naona.
Nakaa juu ya ngazi ya kushukia,
naikunja mikono iliyochubuka na dawa,
na sauti inayonitoka ina umri kuliko mimi:
Subiri.